Bahasha ya Mama Dominika

Kwa miaka kumi na saba ya ndoa yao, Bartholomayo wa Chilangala hakuwahi kumshuku mkewe kwa lolote, mpaka mwaka ule mkewe alipoanza kumuuliza habari za benki.

Mkewe, Hellen, ni Mmarekani. Alikuja Newala kufundisha wauguzi, akaolewa, akabaki, na siku hizi watu wote humwita Mama Dominika kwa jina la binti yao. Lakini serikali ya kwao haimsahau raia kwa kuwa amehama. Kila mwaka anatakiwa ajaze fomu za kodi, aeleze anachopata huku, ameolewa na nani, na akaunti yao ilifika kiasi gani ilipojaa kuliko siku zote.

"Hata hela za korosho?" Bartholomayo aliuliza.

"Zikiingia kwenye akaunti yenye jina langu, nazieleza. Hawazichukui, Baba Dominika. Wanataka kujua tu."

Akaitikia kwa kichwa, ila moyoni hakukubali. Dada yake, Stamili, akamalizia kumvuruga. "Serikali gani hiyo imfuate mtu mpaka Chilangala? Huyo anajiandaa kuondoka, na shamba lako keshaliandikisha kwao. Shauri yako."

Mwezi wa sita Bartholomayo alikuwa na safari ya Masasi kununua salfa ya kupulizia mikorosho. Hellen akampa bahasha nene, imefungwa kwa gundi. "Naomba uipitishe posta leo hii. Kuna miaka mitatu sikupeleka kabisa, na sasa nimewaandikia kujieleza."

Hakuipeleka posta. Aliingia kwenye steshenari karibu na stendi, ambako Mwalimu Godwin, mstaafu wa Kiingereza, huwasaidia watu kujaza fomu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Baba Dominika. Wazee wa kanisa wa Newala hawajambo?"

Akajibu hawajambo, akachana bahasha palepale, akamwomba amsomee kwa Kiswahili. Watu wanne walikuwa wakisubiri zamu zao, mmoja wao Esther, mwimbaji wa kwaya ya kanisani kwao. Bartholomayo alimwona. Kwa hasira aliyokuwa nayo hakujali. Tena alitaka awepo shahidi.

Godwin alipitisha macho kwenye fomu. Shamba halikutajwa popote. Jina la Bartholomayo lilikuwepo, mahali pa mume, basi. Akafika kwenye barua, akaanza kuitafsiri kwa sauti yake ya darasani:

"'Sikukusudia kukwepa sheria. Mwaka wa kwanza wa hiyo mitatu mtoto wetu Nikolao alifariki akiwa na siku tisa. Mume wangu hajaweza kulitaja jina lake mpaka leo, nami kwa muda mrefu sikuweza kushika karatasi yoyote. Nilikuwa nikikaa jikoni mlango nimeufunga, ili asinisikie nikilia. Mume wangu ni mtu mwaminifu, na makosa haya hayamhusu...'"

Hapo mwalimu akaacha kusoma. Msichana wa mashine ya kutoa kopi naye alikuwa ameizima.

"Haya si ya kusomwa hapa," Godwin alisema taratibu, akikunja karatasi. "Ungeniambia ni barua ya namna hii."

Bartholomayo alitamani ardhi ipasuke. Alinunua bahasha mpya, mwalimu akanakili anwani, na mzigo ukaenda posta. Jioni Hellen alipouliza, alisema, "Nimeituma," akainama kunawa mikono.

Jumapili kanisani, yeye akiwa mzee wa zamu, alipofika kwa Esther na sahani ya sadaka, yule mama aliinamisha uso, akamwonea aibu yeye. Bartholomayo akamwachia mwenzake sahani, akatoka. Nyumbani akamweleza mkewe yote, amesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kushtakiwa.

Hellen hakupandisha sauti. "Nani walikuwepo?"

Akawataja.

"Kwa hiyo watu wa stendi ya Masasi wamemsikia Nikolao wangu. Na mimi na wewe hatujawahi kumzungumzia."

"Nilidhani unaondoka. Nilidhani shamba..."

"Ungeniuliza. Kiswahili si nakijua?"

Kilichomuumiza Bartholomayo zaidi ni lile neno mwaminifu, kwamba mkewe aliliandika kwa mkono wake, na wakati linasomwa yeye ameshika bahasha iliyochanwa.

Hellen alilala chumbani kwa Dominika wiki mbili. Bartholomayo alimwendea Stamili, akamwambia asitie tena mdomo wake kwenye nyumba yake, lakini akajua anamtupia dada lawama iliyo yake mwenyewe, na alirudi amenywea vilevile.

Usiku mkewe aliporudi chumbani kwao, Bartholomayo alijikaza.

"Nikolao," alisema. "Alikuwa na masikio ya baba yangu."

"Mikono pia," Hellen alisema.

Hakusema amemsamehe, wala Bartholomayo hakuthubutu kuuliza.