Chingamu Kwenye Uso wa Mkwe

Siku ya kesi nyanya yangu, ambaye sote tunamwita Susu, alivaa gauni la kanisa na viatu, ingawa mahakama yenyewe ilikuwa ndani ya simu yangu.

"Susu, hakimu haoni miguu."

"Mungu anaona."

Shtaka lilikuwa kuzalisha watu bila leseni. Wakati wa mvua kubwa shangazi yangu, bintiye Susu, alishikwa na uchungu hapa kwetu Kyuso, mto umefurika, hakuna gari la kuvuka. Susu akamzalisha sakafuni. Mtoto yupo, ana mashavu kama ya mbunge. Lakini mtu akaripoti. Sasa kama ilikuwa dharura, Susu yuko salama. Kama ni yeye aliyemkataza shangazi kwenda hospitali, ni jela.

Shahidi aliyebaki alikuwa mume wa shangazi, anayefanya kazi Wote, kule Makueni. Na hapo ndipo ukoo mzima ulikuwa mjinga: hakuna aliyekumbuka nthoni. Kwa Wakamba, mama mkwe na mkwe hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Nimeshaona Susu akijificha nyuma ya punda. Sasa kwenye simu, kichaka utatoa wapi?

Hakimu akaingia, mama wa miwani. Mwendesha mashtaka akaingia. Kisha, pap! Uso wa mkwe. Susu akavuta leso kichwani na kupotelea chini ya meza. Huko Wote mkwe naye akaruka, tukabaki kutazama ukuta wake na kalenda.

"Mshtakiwa ameenda wapi?" hakimu akauliza.

Mwendesha mashtaka hakungoja. "Mheshimiwa, naomba dhamana yake ifutwe. Anakwepa mahakama."

Mimi hunyamaza nikilala tu. "Susu, toka! Watakufunga!"

"Wanifunge nikiwa na adabu," meza ikajibu.

Nikatoa chingamu mdomoni, nikaitandaza juu ya picha ya mkwe. "Nimemfuta. Njoo." Akachungulia, akapanda kiti. Nikamweleza hakimu habari ya nthoni.

"Na wewe ni nani?"

"Mjukuu wake, mheshimiwa. Niko fomu tatu."

"Sikukuuliza darasa. Shahidi, rudi kwenye kamera."

Mkwe akarudi, akatoa salamu. Shida ya hizi simu, anayeongea ndiye picha yake inakua. Uso ukavimba, masikio yakatokeza pande zote za chingamu. Nikafunika kioo kwa kiganja, nikaacha jicho la kamera tu.

"Nani alisema mkeo abaki nyumbani?" mwendesha mashtaka akauliza.

Kimya.

Nilidhani ni netiweki. Kumbe ni aibu. Mwanamume atasimuliaje uchungu wa mke wake, mama mkwe akisikia?

"Shahidi, usipojibu nitaandika hukujibu," hakimu akasema.

Mkwe akakohoa tu. Jasho la kiganja changu likateleza kwenye kioo. Jamani, mtu anaenda jela kwa sababu ya heshima!

Susu akaniinamia. "Mwambie baba ya mtoto nimeziba masikio. Aseme yote."

Nikamwambia. Susu akaweka vidole masikioni, akafumba na macho. Na mkwe akafunguka kama bomba: Susu ndiye aliyewahimiza waende mapema, yeye mkwe akachelewa. Susu ndiye aliyekwenda mtoni kwenye mvua kutafuta wa kuwavusha, akakosa. Hakumgusa shangazi mpaka kichwa cha mtoto kilipoonekana.

Hakimu akaandika. Akaandika tena. Kisha akasema mtu wa dharura hanyimwi msaada, hiyo iko kwenye Katiba, na mama huyu hana kesi ya kujibu. Ila wasio na dharura awapeleke hospitali.

Susu hakusikia hata neno. Alikuwa amefumbua macho, vidole bado masikioni, ananitazama usoni asome kama ni jela.

Nikaweka uso wa matanga. Kidogo tu. Midomo yake ikaanza kutetemeka na mimi nikashindwa, nikacheka. Akatoa vidole anizabe kofi, na ndipo akasikia hakimu akirudia:

"Mama, nimesema uko huru."

Kofi nililipata hata hivyo.