Zabibu Tano kwenye Meza ya Maneja

Mimi kusamehe sijui, niseme mapema.

Kuna dada mmoja wa Sironga aliyenifundisha kazi ya weita katika hoteli moja hapa Kisii. Nilitoka Nyansiongo nikijua kukamua ng'ombe tu, yeye akanionyesha kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja. Basi mwenye hoteli akapata wageni Wajerumani, wanunuzi wa majani chai, wakamwachia katoni ya waini ya kwao. Nyeupe, lakini imetengenezwa kwa zabibu nyekundu. Tulisoma kwenye simu mpaka tukaelewa. Yeye Mkatoliki alionja, mimi Msabato nikaandika kwa daftari: samaki wa ndimu, sawa. Uyoga, sawa. Kuku wa kienyeji, sawa. Chinsaga, ile mboga yetu chungu, iliyolazwa kwenye maziwa uchungu ukapungua, hiyo sawa kabisa. Nyama choma ya ng'ombe, hapana, inaimeza waini.

Siku moja maneja alimsikia akimweleza mteja. Akacheka ukumbi mzima usikie.

"Nyeupe itoke kwa nyekundu? Kwenu maziwa inatoka kwa jogoo?"

"Bosi, ni kama majani chai," dada akasema. "Jani ni lile lile. Ukiliacha likae linakuwa jeusi, ukiliwahi linabaki kijani. Zabibu nayo rangi iko kwa ganda. Wanakamua haraka kabla juisi haijashika rangi."

"Nenda uoshe sufuria. Huko hakuna wateja wa kudanganya."

Wiki tatu aliosha sufuria, mtu aliyezaliwa kusimama mbele ya wageni. Aliniambia niachane na hayo. Sikuachana nayo.

Wajerumani waliporudi kwa chakula cha mchana, mwenye hoteli alikaa nao, maneja amesimama nyuma yake na tai mpya. Nilimimina ile waini, nikamuuliza maneja kwa upole sana, "Bosi, wageni wangependa kujua hii ni zabibu gani, na inaliwa na nini?"

Nilijua atajibu. Yeye hajawahi kusema sijui.

"Zabibu nyeupe, bila shaka. Na nyama choma ya ng'ombe."

Mgeni mmoja mzee akaweka uma chini. "Ni nyekundu," akasema polepole. "Inatoka shamba la kaka yangu."

Mwenye hoteli akageuka. "Hapa nani anajua hii kitu?"

"Yuko jikoni," nikasema. "Anaosha sufuria."

Akaja na aproni imelowa. Alichukua zabibu nyekundu moja kutoka sahani ya matunda, akaimenya, akaikamulia kwenye kisahani cheupe. Juisi ikatoka haina rangi. Halafu akaleta chinsaga. Mzee alikula, akanywa, akaomba tena.

"Na kwa nini huyu yuko kwa sufuria?" mwenye hoteli akauliza. Maneja aliangalia viatu vyake kama vimempotea.

Kesho yake dada alirudi ukumbini. Amesamehe, hata anamsalimia. Hiyo ni roho yake.

Mimi kila asubuhi naweka zabibu nyekundu tano, zimemenywa, kwenye meza ya maneja.

"Wewe kijana, hii itaisha lini?" aliniuliza juzi.

"Wiki tatu, bosi. Leo ni siku ya nne."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi niko kanisani. Jumapili naweka kumi."