Namba Moja, Madirisha Manne

Pale ofisini sikuwa mtu wa kupendwa, na wacha niseme ukweli, nusu ya makosa ilikuwa yangu. Nilikuwa na mdomo. Nilitoka upande wa ziwa na cheti cha kupiga taipu, nikaandikwa karani katika ushirika mmoja wa wafugaji Eldoret, na kwa miaka miwili hakuna aliyewahi kuniambia twende chai. Saa saba wenzangu walitoka pamoja wakiongea lugha yao na kucheka, nami nikabaki na chapati yangu baridi. Jioni nilirudi kwenye chumba changu cha kukodi Huruma, nikawasha stovu, nikaongea na sufuria. Usinicheke. Kaa peke yako muda mrefu, utaona kama hutaongea nayo.

Ushirika ulikuwa na madirisha manne: la maziwa, la mbolea na mbegu, la josho la kuogeshea ng'ombe, na la daktari wa ng'ombe. Kila dirisha lilikuwa na kitabu chake na namba zake. Mzee yule yule alikuwa na namba hii kwa maziwa na namba ile kwa mbolea, kwa hivyo wakulima walitembea na kadi nne zimefungwa pamoja kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Akisahau moja nyumbani, basi ni kurudi Kapseret kwa miguu kuichukua.

Siku moja meneja akaniita. "Nataka kila boma iwe na namba moja na kadi moja," akasema. "Mtu akijulikana kwako, awe amejulikana kwa madirisha yote. Wasimuulize kitu ingine."

Kazi hiyo niliipenda, jamani. Nilikusanya vile vitabu vinne, nikapeleka fomu mpya kwa kila boma, nikaanza kuandika rejista moja kubwa kwa mkono wangu. Mwenye boma ndiye aliyepewa namba. Mke aliandikwa chini yake, akahudumiwa kama yeye, na mwenye boma akifariki namba ilibaki na mke. Watoto hawakuhesabiwa. Kama hakuna mke, namba inafungwa.

Kwa miezi kadhaa wale watu wa kwenye karatasi walikuwa ndio majirani zangu. Nilijua nani amehamia Yamumbi, nani ameongeza mke, nani ameuza fahali. Nikikutana nao barabarani hawakunijua hata kidogo. Enzi hizo bila kadi ya chama tawala ungeweza kuzuiwa mlangoni mwa soko, kwa hivyo nilikuwa nayo, na ndiyo kadi pekee duniani iliyokuwa na jina langu.

Halafu ikaja fomu moja kutoka Kapseret. Mwenye boma: jina la mwanamke. Hapo hakuna shida, wajane walikuwa wengi. Chini yake, mke: jina la mwanamke mwingine, kijana kidogo. Nikaangalia tena. Hata mimi mgeni nilikuwa nimeshajua majina ya kike ya watu wa huku. Nikacheka kwa sauti peke yangu, nikasema ai, hawa hata fomu imewashinda! Nikakata neno "mke" kwa wino mwekundu, nikaandika "binti", nikaliingiza hivyo hivyo kwa wino huo kwenye rejista, nikafungua ukurasa mwingine.

Wanasema kuuliza si ujinga. Lakini ningemuuliza nani? Neno moja tu la mtu wa kula naye saa saba lingetosha.

Kadi mpya zikaanza kazi, na meneja akasifiwa kwenye mkutano wa wanachama. Vitabu vya zamani vikafungiwa stoo. Wiki chache baadaye, asubuhi ya mvua, yule mwanamke kijana akafika amelowa hadi magotini. Ng'ombe wao alikuwa chini tangu alfajiri, ndama amekwama. Mama mwenye boma alikuwa amelazwa hospitali. Dirisha la daktari likatazama orodha likamwambia binti hahudumiwi. Akakimbilia dirisha la maziwa, ambako karani, mzee wa makamo, alikuwa amepokea maziwa yake miaka na miaka. Zamani angefungua kitabu chake mwenyewe, amtetee. Sasa akainua mikono tu, akamwelekeza kwangu.

"Dada, mimi si binti," akaniambia. "Mimi ni mke ya huyo mama."

"Mke wa mwanamke?" nikasema. "Mama, wacha mchezo, nina kazi. Sheria ni sheria."

Makarani wenzangu wakageuka kunitazama. Yeye hakupiga kelele. Aliokota mwavuli wake uliovunjika mbavu, akatoka. Ng'ombe alikufa adhuhuri, ndama tumboni.

Yule karani wa maziwa ndiye aliyekuja kusimama mbele ya meza yangu kesho yake. Katika miaka miwili hiyo ndiyo mara ya kwanza aliniambia kitu kisichohusu kazi. "Hapa kwetu," akasema, "mama ambaye hakupata kijana wa kiume anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe za mahari kama mwanaume. Watoto wa yule msichana ni watoto wa hiyo nyumba, na yeye mama ndiye mume. Kila mtu anajua." Akaigusa rejista kwa kidole. "Wewe ungeuliza tu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mbaya zaidi, mama alikuwa hoi. Akifariki na lile neno langu jekundu likiwa bado pale, namba ingefungwa, na mjane wake angefukuzwa madirisha yote manne kwa mpigo. Nilikuwa nimefunga mlango mmoja ambao ndio uliokuwa umebaki.

Meneja akasema rejista haibadilishwi mpaka mwenye namba aweke kidole mwenyewe. Nikamwambia hawezi kutembea. Akasema basi tungoje apone. Ngoja wewe, nikajisemea moyoni. Rejista haikuruhusiwa kutoka nje ya ofisi, lakini saa saba, walipokwenda kula kama kawaida yao, niliifunga kwenye leso pamoja na kidau cha wino, nikaibeba mpaka hospitali.

Mama alikuwa amekonda, macho makali. Mke wake alikaa kando ya kitanda akimkanda miguu, na niliposalimia hakuitikia. Nilifungua ukurasa, nikaeleza kosa langu bila kulipaka sukari.

"Na hukuuliza mtu?" mama akauliza.

"Sikuwa na wa kuuliza, Mama."

Akaniangalia. Kisha akatoa kidole gumba. Nilikishika, kilikuwa chepesi na cha moto, nikakibandika kando ya neno "mke" ambalo nililiandika upya mbele yake. Mke wake akakifuta wino kwa pindo la gauni lake, taratibu, ukucha kwanza.

"Na wewe," mama akasema, "ukilala hapa kama mimi, nani atakuletea kitabu yako?"

"Watu wapo, Mama," nikasema.

Hakukuwa na mtu. Nadhani alijua, maana alinipigapiga mkono kama unavyombembeleza mtoto. Nilitembea mpaka ofisini nikilia mchana kweupe, na watu wa Eldoret wakanipisha njia.

Mama alifariki siku ya nne baada ya hapo, nami nilikuwa nimesharekebisha orodha za madirisha yote manne. Baada ya mazishi mjane wake alikuja na ile kadi. Kupitia mlango wangu uliokuwa wazi nilimwona akisimama dirisha la maziwa, akapokelewa. La mbolea, akapokelewa. La josho, la daktari, hakuna aliyemuuliza swali hata moja. Nilikuwa nimechemsha chai, nimetoa vikombe viwili, nimepanga la kumwambia. Akaweka kadi kifuani, akafunga kitambaa chake, akaenda zake. Kwangu hakuwa na haja ya kufika. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeitengeneza ile kadi.