Jina Lililofutwa Ofisi ya Mwani

Saleha binti Mansuri wa Kirongwe, kisiwani Mafia, alikuwa na miaka sita ya kujitolea. Kama hujui kujitolea ni nini, ni kufanya kazi ya mwenye cheo huku wewe cheo huna. Kila asubuhi alipanda bodaboda mpaka Kilindoni, kwenye ofisi ya chama cha wakulima wa mwani. Mtandao wa ofisi ile aliuunganisha yeye, waya kwa waya. Orodha za wakulima, ramani za mashamba na barua zote aliziweka kwenye folda moja ndani ya mashine kubwa, na kompyuta nyingine tatu zikawa zinachota humo.

Alichokingoja ni kimoja tu, barua ya ajira. Mzee Abdulhamidu, katibu wa chama, alimwambia kila mwaka kwamba maombi yake yameshatumwa makao makuu Dar, asubiri. Alitokea mchumba wa Tanga aliyetaka wahamie kwao, Saleha akamkatalia kwa sababu ya hiyo barua.

Jumatatu moja alipoingia tu, Kombo wa ghala akamdaka mlangoni.

"Folda haifunguki! Kila kompyuta inasema hatuna ruhusa. Na kamba zimeshashushwa bandarini."

Zilikuwa kamba mpya za kupandia mwani. Wanawake wa kisiwa cha Jibondo walikwisha kuvuka tangu alfajiri, wamejaa barazani wanangoja majina yao yasomwe, na majina yamo ndani ya folda.

Saleha akagusa waya mmoja mmoja. Taa za kisanduku cha mtandao zilikuwa za kijani, na karatasi aliyoituma kuchapwa ilitoka. Basi njia ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni ruhusa.

"Nani kaigusa mashine kubwa?"

Kombo akainamisha kichwa. "Mie. Juzi tumesoma hitima ya arobaini ya Bi Warda. Kila nikiwasha nakutana na jina lake, roho inaniuma. Mzee akasema lifute, tumwache marehemu apumzike."

Saleha akashika kiuno. Bi Warda alikuwa mtunza orodha, na ofisi nzima ilikuwa ikiingia kwenye folda kwa jina lake na neno lake la siri. Hilo hakulitaka Saleha. Katibu ndiye aliyekataza jina la asiyeajiriwa lisikae kwenye mashine ya ofisi, akaamuru kila kitu kipite kwa Bi Warda.

"Nimeliandika upya, limekataa," Kombo akasema.

"Litakataa tu. Kwa mashine, huyo ni Warda mwingine, haimjui."

Ikabidi aingie kama msimamizi, apite folda ndogo za ndani, moja baada ya nyingine, akitoa ruhusa upya. Kila aliyoimaliza alifungua faili moja la ndani kuhakikisha. Ya mashamba ikafunguka, na ya wakulima pia. Kombo akachapa majina, akatoka nayo mbio. Ikabaki folda ya katibu, ambayo mpaka siku hiyo hakuna mwingine aliyethubutu kuifungua. Saleha akaifungua, na faili la kwanza lilikuwa na jina lake.

Maombi yake yote yalikuwamo, ya miaka sita, na hakuna hata moja lenye alama ya kutumwa. Chini yake palikuwa na barua ya makao makuu ikiuliza kama ofisi ya Mafia inahitaji mtaalamu wa kompyuta wa kudumu. Jibu la katibu lilikuwa fupi: "Hatuna uhitaji. Kazi zote za kompyuta zinakwenda vizuri." Tarehe yake ilikuwa ya miaka minne nyuma.

Zinakwenda vizuri! Na nani alikuwa akiziendesha? Kama angefanya kazi ovyo, angekuwa ameajiriwa. Hasira ilimjaa Saleha, na kwa hasira hiyohiyo akaikamilisha kazi. Folda ile ilipaswa kuonwa na katibu peke yake, basi akaacha jina moja tu, Abdulhamidu. Angeweza kuiacha wazi ofisi nzima isome. Hakuiacha, na mpaka leo hajui kama aliona haya au alikuwa mjinga.

Katibu akaingia, kofia mkononi.

"Zimekubali?"

"Zimekubali, mzee."

"Nilijua tu. Mwanangu, wewe huna mfano."

"Mzee, maombi yangu yako wapi?"

"Yako Dar. Wale watu wa Dar ni wazito, tuzidi kusubiri."

"Yako humu, mzee. Nimeyasoma, na jibu lako nimelisoma."

Mzee Abdulhamidu akaketi. Hakugomba wala hakukana.

"Ukiajiriwa watakuhamisha," akasema taratibu. "Wangekupeleka Lindi, wangekupeleka Mtwara. Sie tungebaki na nani?"

Alilisema kama sifa. Hilo ndilo lililomuuma Saleha kuliko barua yenyewe. Akaandika maneno ya siri yote kwenye karatasi, akaiweka mezani, akachukua mkoba wake. Barazani wanawake wa Jibondo walikuwa wakibeba kamba zao kichwani wakicheka, na mmoja akamwambia Mungu akulipe, mwanangu.

Miezi mitatu baadaye makao makuu walitangaza nafasi ya mtaalamu wa kompyuta, Mafia. Mtandao ulikuwa umeshakufa mara mbili, na safari hii katibu mwenyewe aliomba mtu. Tangazo lilitaka barua ya kuthibitisha uzoefu, isainiwe na ofisi ambayo mwombaji aliifanyia kazi.

Saleha akavaa buibui lake jipya, akameza kiburi, akarudi Kilindoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana."

Alipoelezwa shida, mzee hakusita hata kidogo. Akavuta karatasi yenye nembo ya chama, akaandika tarehe, akaandika jina la Saleha kwa ukamilifu. Hapo kalamu ikasimama. Akafungua daftari la watumishi, akapekua ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka, kisha akainua macho, na uso wake haukuwa na kejeli yoyote.

"Sasa niandike ulikuwa nani hapa?"