Hodi Iliyotoka Nyuma Kulia

Nilipata kuwa mtu maarufu hapa Majengo, na umaarufu wangu ulikuwa wa kelele. Kwa miaka mingi niliendesha kibanda umiza, cha kuonyesha sinema, uani kwangu: turubai, mabenchi ya mbao, televisheni moja na spika tano. Wenzangu wenye vibanda waliziweka spika zote mbele, kama kwaya. Mimi nilizitawanya, mbili mbele, mbili nyuma, na sabufa chini ya benchi la katikati. Risasi ikipigwa mbele, mlio ulipita juu ya vichwa ukaangukia nyuma, na watu wazima wenye wajukuu waligeuza shingo kumtafuta aliyepigwa. Nilikuwa nasimama mlangoni kuziangalia hizo shingo. Sijawahi kupata kiburi kama kile, na nilikipata kwa shingo za watu wengine.

Simu zikakiua kibanda. Kila mtu akawa na sinema mfukoni. Mwenye akili angeuza vyombo akanunua mbuzi. Mimi nikavihamishia sebuleni, sebule ambayo mtu mrefu akilala chali anagusa kuta zote mbili. Vikombe vikawa vinatembea mezani vyenyewe. Mzee wa kanisa alikuja kutusuluhisha, tukamkaribisha aombe, akaomba, na mpaka leo hakuna ajuaye aliomba nini.

"Punguza, baba," mke wangu alikuwa akisema.

"Nimepunguza."

"Umepunguza lini?"

"Jana."

Nilijiona mcheshi sana.

Sasa nieleze jambo ambalo halina ucheshi. Dada yake mke wangu aliugua kule Karema, na alasiri moja akaomba aongee na mdogo wake. Wakapiga simu. Simu ya mke wangu ilikuwa sebuleni inachaji, kwenye soketi pekee isiyokaliwa na spika zangu, na mwenyewe alikuwa chumbani anakunja nguo huku anaisubiri. Alikuwa ameshanijia mlangoni akaniomba nipunguze, akasema anasubiri simu ya Karema. Nilimsikia vizuri. Nikamwambia ngoja hawa wamalize kupigana. Simu ikalia mpaka ikachoka, ikalia tena, ikachoka tena. Vita yangu ilipokwisha alikuja akaiangalia, akapiga yeye, na aliyepokea alikuwa analia.

Sina la kujitetea. Sikuwa nalo siku ile, na umri haujanitafutia lolote.

Baada ya matanga hakugombana na mimi. Alisema anakwenda Litapunga kwa binti yetu kumsaidia kuvuna karanga. Karanga zikavunwa. Akasema wanazibangua. Zikabanguliwa. Shamba likabaki vumbi tupu, na mke wangu bado yuko Litapunga. Nikampigia.

"Mama, unarudi lini?"

"Siku nitakayoweza kusema neno ndani ya nyumba ile likasikika."

"Hata leo litasikika."

"Kwa sababu niko mbali. Nikiwa mbali unanisikia sana."

Wiki ile ile niliziuza spika zote tano kwa Msukuma mmoja mwenye ng'ombe wengi, akazifunga kwenye mkokoteni akaondoka nazo anaimba. Nasikia siku hizi ng'ombe wake wanatoka zizini bila kuswagwa. Nikampigia mke wangu tena nikamwambia nyumba iko kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

"Nitakuja kuangalia," akasema. "Siku sikwambii."

Hapo mwanamume mwenye akili angekaa kibarazani akisubiri, huku masikio ameyasimamisha kama punda. Lakini ukimya nao una ugonjwa wake. Sinema kwenye simu ilikuwa inalia kama nzi ndani ya kopo. Nilivumilia siku kadhaa, kisha nikaenda sokoni kwa mama mmoja fundi simu, mwanamke wa makamo anayeongea na bisibisi mdomoni.

"Shikamoo, mzee wangu. Imezama kwenye maji?"

"Marahaba. Haijazama. Nataka isikike kama spika tano, na mtu wa pembeni asisikie hata moja."

Akaitoa bisibisi mdomoni. "Una masikio mangapi, mzee?"

"Mawili."

"Basi yanatosha. Au wewe ulizaliwa na sabufa?"

Wateja wakacheka. Nikamwambia masikio yako pembeni, sauti ya nyuma itatoka wapi? Akanisimamisha nitazame ukutani, akaenda nyuma yangu, akagonga kopo.

"Niko wapi?"

"Nyuma, kushoto."

"Umejuaje, na kisogoni huna sikio?"

Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wazee wote, yaani kwa sauti ya juu. Mlio wa kushoto unafika sikio la kushoto kwanza, halafu kidogo sana baadaye unafika la kulia, ukiwa umefifia kwa sababu kichwa kimeuzuia. Ukitoka nyuma, ukingo wa sikio unaukata kwa namna yake. Akili imezoea hesabu hiyo tangu utotoni. Simu sasa imejifunza kuigiza hesabu hiyo hiyo: inauchelewesha upande mmoja na kuufifisha, na akili inadanganyika kwamba kuna spika nyuma ya kiti. Unachohitaji ni hedifoni za kuvaa masikioni, na si lazima ziwe za bei mbaya, hata hizi za waya za mnadani zinafaa. Akafungua mipangilio ya sauti, akawasha sehemu ya sauti ya kuzunguka, akanipachika.

"Ila nyie wazee mna tabia ya kuchomoa upande mmoja msikilize umbea," akasema. "Ukichomoa, mchezo umekwisha. Lazima yote mawili."

Siku ya kwanza nilizivaa kinyume. Gari lilipita kwenda kulia, masikio yangu yakaapa limekwenda kushoto, nikapata kizunguzungu cha mlevi bila kupata pombe. Nikarudi sokoni. Fundi akapaka rangi ya kucha kwenye upande wa kulia, nyekundu, nami nikatembea Majengo yote nina sikio lililopakwa rangi.

Baada ya hapo nilistarehe. Mvua ilinyesha kwenye sinema nikaangalia dari. Mtu akakohoa nyuma yangu, nikageuka nikamwambia karibu, nikawa nimekaribisha ukuta. Mlango wa sinema ukigongwa, mimi nainuka, navua hedifoni, nafungua mlango wangu, nakuta kuku wa jirani. Jirani mwenyewe, mzee mwenzangu, alikuwa ananitazama kutoka kwake.

"Leo umefungua mara ngapi, ndugu yangu?"

"Napunga hewa."

"Hewa ya kuku?"

Nikaona haya. Nikajiambia, wewe ndiye uliyekuwa unacheka shingo za wenzako, leo shingo ni yako. Nikaapa sitadanganyika tena na simu. Ikigonga, igonge. Naomba msomaji aushike vizuri uamuzi huo, kwa sababu niliuchukua kwa akili timamu.

Siku moja saa kumi alasiri nilikuwa naangalia sinema ya kwetu, ya Kiswahili, yenye mwanamke anayekwenda kumfumania mumewe. Ameshuka kwenye bodaboda, anauelekea mlango. Nikasikia, nyuma yangu upande wa kulia, ambako hasa ndiko mlango wangu uliko:

"Hodi."

Sikugeuka. Nilitabasamu. Sauti ilikuwa safi, ina pumzi, ina hata uchovu wa safari.

"Hodi humu ndani."

Hapo nikamkumbuka yule fundi nikamwombea maisha marefu. Nikainua dole gumba hewani kumpongeza.

"Hodi, baba."

Nikatikisa kichwa kwa raha. Kisha kukawa kimya, na kwenye skrini yule mwanamke alikuwa bado hajafika mlangoni.

Sijui nilichukua muda gani kuling'amua hilo. Najua nilipoinuka waya ulikuwa bado masikioni na simu ikaanguka. Mlangoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na kiroba cha karanga, mdomo umefungwa kwa kitambaa cha kichwa ninachokijua. Jirani alikuwa amesimama kwake, na safari hii hakuwa anacheka.

"Kapiga hodi mara tatu," akasema. "Kafunua pazia, kakutazama. Kapanda bodaboda ile ile iliyomleta."

Kwetu hodi ni tatu. Ya nne ni ya kudai au ya ugomvi. Ukipiga tatu bila kujibiwa unaondoka na heshima yako, hata kama nyumba ni yako. Nilimpigia simu, hakupokea. Alipokea binti yetu jioni.

"Baba, umemfanya nini mama?"

"Nilidhani ni sinema."

"Mama ndiye sinema?"

Kesho yake asubuhi nikapanda bodaboda kwenda Litapunga. Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka, anapembua mchele. Nilipiga hodi. Aliniacha nipige zote tatu, ananitazama, kisha akasema karibu.

"Nilikuona," akasema kabla sijakaa. "Huna spika, nyumba kimya, nikafurahi. Nikasema hodi. Ukanionyesha dole gumba, kama unamruhusu dereva aondoe gari."

"Nilikuwa naisifu simu."

"Najua. Mimi ulinisifu lini?"

Nikaeleza. Nikaeleza kuku, nikaeleza ukuta, nikaeleza kiapo. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kujisikia mjinga, na binti yetu aliingia ndani akachekea huko. Mwishoni nikatoa hedifoni mfukoni nikamwomba asikilize mwenyewe, ahukumu. Alikataa. Kisha akapokea kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya. Nikamvalisha, rangi nyekundu kulia, nikaweka sinema ile ile kabla kidogo ya mahali pale.

Alisikiliza. Ghafla akageuza shingo kutazama nyuma. Palikuwa na bata wawili. Akarudi mbele, akageuka tena, safari hii haraka zaidi, bata wakakimbia.

Akavua.

"Kumbe," akasema.

"Unaona?"

"Naona kwamba hukunidharau makusudi. Siku ya dada ndiyo ulinidharau makusudi."

"Ndiyo," nikasema. Nilikuwa sijawahi kulikubali hilo kwa neno moja, bila kuambatanisha sababu.

Alipembua mchele muda mrefu. Mimi nikatoa mawe niliyoyaona, niliyoruhusiwa kuyatoa.

"Nitarudi," akasema. "Lakini sikio la kulia nalichukua. La mlangoni. Wewe baki na la kushoto."

"Mama, kitu hiki hakifanyi kazi kwa sikio moja. Fundi alisema lazima yote mawili."

"Umeshanieleza. Ndiyo maana nachukua moja."

Alirudi Jumamosi ile. Sinema sasa naangalia na upande mwekundu umening'inia shingoni, na dunia nzima imehamia kushoto: wezi, polisi, mvua, wote wanatoka upande wa choo. Jana mtu alipigwa risasi muhimu sana wakati mke wangu ananieleza jinsi jirani alivyochimba shimo la taka karibu mno na mpaka wetu. Sijui aliyekufa ni nani. Nilisema, "Ehe, halafu?" Naye akaendelea.