Mlima Nilioufuta kwa Mzaha

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa mengine mengi ya ujana wangu nimeshayasahau. Walikuja maafisa kutoka Mpanda kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji chetu, huku upande wa Ugalla. Tukakusanyika kwenye uwanja wa shule. Walitwambia tuchore kijiji chini, kwenye udongo: majivu yawe barabara, magunzi yawe nyumba, majani mabichi yawe msitu. Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Nilikuwa na elimu ya darasa la saba na shati jeupe, nikajiona nimefika.

Kazi ilienda vizuri mpaka tulipofika mlimani. Afisa akauliza, "Na huku juu kuna nini?"

Watu wakanyamaza. Lazima nikueleze kwa nini. Kwetu warina asali hawatangazi mizinga yao. Mtu anayekwenda mlimani husema anakwenda kutembea tu, na ukikutana naye njiani humuulizi zaidi. Kutaja mti wenye mzinga wa mwenzako mbele ya mgeni ni kosa kubwa. Kaka yangu Damiani alikuwa na mizinga mingi kule kuliko mtu yeyote, naye alikaa palepale, akiangalia miguu yake. Alikuwa ananisubiri mimi niseme.

Ule ukimya ulinitia aibu. Niliona tunaonekana washamba. Nikasema, "Afisa, huko kuna nyani tu, na hakuna hata mmoja aliyejiandikisha kijijini."

Watu walicheka. Afisa naye alicheka, akaandika: eneo halitumiki. Jioni nikatia sahihi.

Tukirudi nyumbani kaka alitangulia. Tulipofika kwenye kijito kinachotoka mlimani alisimama, akanawa uso.

"Umewachekesha watu," alisema.

"Ulikuwa utani, kaka."

"Sare zako za shule zilitoka wapi?"

"Kwenye asali."

"Asali ya wapi?"

Niligeuka nikautazama mlima. Akasema, "Sikutaka uwaonyeshe mti wangu. Ungesema tu kwamba watu wana kazi zao kule. Basi. Hayo maneno yalikuwa mazito kwako?"

Nilikasirika. Nilimwambia ramani ni karatasi tu, na karatasi haiwezi kuuhamisha mlima. Nafikiri hapo nilikuwa mjinga kuliko hata pale uwanjani.

Ramani ilirudi ina rangi. Kijani cha msitu kiliishia chini ya mlima. Mlima wenyewe ulipakwa rangi ya ardhi ya akiba, yaani ardhi inayomsubiri mtu. Na watu wakaja. Familia za wafugaji kutoka kaskazini zilifika na ng'ombe wao, zikaomba ardhi kwa utaratibu, zikaonyeshwa mlima. Mimi siwalaumu, na nyie msiwalaumu. Walikata miti kama mtu yeyote anavyosafisha shamba alilopewa.

Asubuhi moja mzee mmoja wa Kisukuma alikuja kwa kaka amebeba mzinga uliopasuka. Aliuweka chini taratibu, kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu, nimeambiwa alama hii ni yako," alisema. "Mti ulishaanguka ndipo nikauona mzinga. Sisi tuliambiwa huku hakuna mtu."

Kaka alimpa kiti, akamwita mke wake alete uji. Mimi hakunitazama. Heri angenitukana.

Nilipanda gari nikaenda ofisini Mpanda kusahihisha. Kijana niliyemkuta alikuwa na adabu. Alifungua jalada akanigeuzia. "Hapa pameandikwa halitumiki, ndugu. Na sahihi hii si yako?" Ilikuwa yangu. Akaniambia nisubiri mpango utakapopitiwa upya.

Nimesubiri mpaka nimeota mvi. Kijito siku hizi hukauka kiangazi kikianza tu, na kina mama wanafuata maji mbali. Kaka alihamia Nsemulwa, pale Mpanda mjini, kwa binti yake, akawa mlinzi wa duka. Mwaka huu tumemzika. Sisemi kwamba alikufa kwa sababu ya mlima. Alikufa kwa ugonjwa wa figo, daktari alitueleza. Lakini miaka yote ile ya mjini sikumsikia tena akisema anakwenda kutembea.

Nilimwomba radhi akiwa kitandani. Alinijibu kwa sauti ndogo, "Mimi nilishakusamehe zamani. Kawaambie wenye ramani."

Sasa maafisa wanarudi, na safari hii kamati ni nyie vijana. Nimeomba nizungumze wa kwanza. Nitasema mbele ya watu wote kwamba maneno yale hayakuwa kweli na niliyasema mimi. Waliolima mlimani wana watoto waliozaliwa kule, hawawezi kuondolewa kama mizigo. Lakini juu kabisa, kwenye chanzo cha kijito, miti bado imesimama. Hiyo inaweza kuandikwa.

Mwanangu, anayepanga ardhi huutazama mlima akiwa bondeni. Anaona mahali pasipofaa kujenga na pasipolimika kwa urahisi, basi anapaacha pawe mabaki ya vingine. Si kwamba ana roho mbaya, hajaambiwa. Akikuuliza, mwambie maji yanatoka wapi na nani anaishi kwa huo mlima. Kama mwenzako ana mti wa siri, usiutaje mti wake, lakini usiseme yeye hayupo. Kama hujui, sema hujui, kisha kamuulize anayejua kabla hujatia sahihi. Na usitafute kuchekesha wageni kwa kitu kinachomlisha ndugu yako.

Mungu akupe moyo wa kusema kweli hata watu wakikuona mshamba. Akupe wazee watakaokusahihisha mapema, ungali na nafasi ya kurekebisha. Na maji ya kule juu yawafikie watoto wako, na watoto wa yule mzee wa Kisukuma pia.