Gadi wa Benki

Kwa zaidi ya miaka kumi baba mkwe wangu aliamini mimi ni soja, mlinzi wa mlangoni, na hasira ya jambo hilo haijanitoka mpaka leo. Sisemi soja ni kazi mbaya. Nasema haikuwa kazi yangu. Mimi nilikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, wa kulipwa, nikavaa jezi za timu sita katika nchi nne, na nafasi yangu uwanjani inaitwa gadi. Gadi ni yule mfupi anayepokea mpira nyuma, anaudunda mpaka mbele, kisha anawagawia warefu wafunge. Neno hilo moja, ambalo kwa watu wengine maana yake ni mlinzi, ndilo lililoniharibia jina.

Mpira nilijifunzia Kajiado, katika shule ya bweni ambayo uwanja wake ulikuwa wa murram, ule udongo wa changarawe, na ringi zake zilichomelewa na fundi wa mageti. Upepo wa huko haukuachi urushe mpira unavyotaka, na mawe hayakuachi uudunde juu. Kwa hivyo nilijifunza kuudunda chini ya goti, karibu na vumbi, na hakuna aliyeweza kuninyang'anya. Nyumbani kwetu kulikuwa Kitengela. Sisi ni watu wa Mkoa wa Magharibi, na baba alikuja huko kwa sababu ya kazi ya kiwanda cha simiti. Alikufa nikiwa kidato cha tatu, kabla hajaniona nikicheza hata mechi moja. Simlaumu, alikuwa mtu wa shifti.

Nilipomaliza shule, benki moja ya Nairobi ikanichukua. Mchana nilikuwa karani, jioni mazoezi. Siku hizo, miaka ya tisini, kila shirika kubwa lilikuwa na timu yake, na kijana anayejua kudunda mpira hakukosa kiti cha kukalia mchana. Ndipo nikampata mwalimu mmoja wa shule ya msingi pale Kitengela, nikataka kumuoa. Baba yake alikuwa mzee kutoka Mkoa wa Kati, amenunua shamba Isinya, anafuga kuku wa mayai. Mzee wa kofia na maneno machache.

Siku ya kwenda kujitambulisha, kwa kuwa baba hakuwepo, msemaji wetu alikuwa baba mdogo. Huyu alikuwa amenisikia mara nyingi nikiwaambia marafiki zangu, kwa maringo yote ya ujana, kwamba mimi ni gadi wa benki. Akakaa na neno lake. Wenyeji walipouliza kijana anafanya nini, baba mdogo akasimama, akavuta koti lake chini.

"Kijana yetu si mtu wa mchezo mchezo," akasema. "Ni gadi wa benki."

Mzee akanitazama kutoka juu mpaka chini, na safari hiyo haikuwa ndefu.

"Mfupi hivi?" akauliza. "Na wezi wakikuja?"

"Ako na mbio sana," baba mdogo akajibu.

"Mbio ya kuwafuata ama ya kuwatoroka?"

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nikafungua mdomo nieleze, na baba mdogo akanikanyaga mguu, kiatu chote. Msemaji wako hakosolewi mbele ya wakwe. Ukimkosoa, unaonekana umetoka nyumba isiyo na adabu, na msichana unamuacha hapo hapo. Nikameza maneno yangu na ndazi.

Mzee alipotulia akasema kazi ni kazi. Akasema hata yeye yuko na soja, mzee wa Kimaasai anayelinda kuku, na ni mwaminifu kuliko watoto wake wa kuzaa. Tulipokuwa tunaondoka akaniita kando, akanipa koti zito la jeshi na tochi ya betri tatu. Akasema Nairobi usiku kuna baridi. Nilibeba vitu hivyo mpaka Kitengela nikitamani kuvitupa kwenye mtaro, na baba mdogo, anayenifuata nyuma, ananiambia mambo yameenda vizuri sana.

Tulipooana nilimwambia bibi yangu arekebishe jambo hilo, yeye ndiye mtoto wa nyumba.

"Nilimwambia," akasema. "Nilimwambia unacheza mpira. Akaniuliza, na kazi anafanya saa ngapi?"

"Si ungemwambia hiyo ndiyo kazi?"

"Nikamwambia. Siku mbili hakula vizuri. Wacha tu akuite soja, baba. Soja ni mtu mzima. Mwenye kucheza ni mtoto."

Hapo ndipo nilipoona shimo nililoingia. Kwa lugha yetu mtoto anacheza, mlevi anacheza, mbuzi aliyeshiba anacheza. Mtu mwenye bibi akisema anacheza, na analipwa, wazee wanamuonea huruma mwanamke.

Sikukata tamaa. Mwaka mmoja tulishinda mechi kubwa na picha yangu ikatoka kwa gazeti, mpira mkononi, jasho mpaka kwa kope. Nikalipeleka Isinya mimi mwenyewe. Mzee akavaa miwani, akasoma maandishi ya chini ya picha polepole, akafika kwa neno gadi, akalipiga kwa kidole.

"Hata gazeti limeandika," akasema. Kisha akatazama picha tena. "Lakini hiyo benki, hawawezi kuwapatia long'i? Soja na kaptura?"

Nikamuonyesha mpira. Akaniuliza kama nilimnyang'anya mwizi.

Baadaye benki ikavunja timu. Barua ilikuwa na mistari mitatu, na hakuna hata mmoja uliosema asante. Ningebaki karani, lakini nilikuwa na miguu bado, nikaenda Kampala. Huko tulicheza chini ya mabati, na mvua ikinyesha hatukusikia filimbi ya refa. Msimu wa pili kochi akahama na timu ikafa. Nikaenda Kigali, nikakaa chumba kimoja na Mkongomani mrefu ambaye miguu yake ililala nje ya kitanda. Timu ikafa. Nikaenda Dar es Salaam, nikarudi Kenya, kwa timu ya kampuni moja Mombasa, na huko nako, kabla hata jezi haijapauka, wakubwa wakasema michezo si biashara yao. Haki, nilianza kufikiri mimi ndiye mkosi. Kila mahali nilikuwa mgeni anayeombwa aonyeshe haraka anachojua, na nikishakionyesha, nyumba inafungwa.

Na kila nikienda kuaga Isinya, mzee ana swali lake.

"Kampala hawana masoja wao?"

Nikienda Kigali: "Hata huko? Kumbe soja wa Kenya anaaminika." Halafu: "Umebeba tochi?"

Nilikuwa nimeshachoka kubisha. Nilisema nimebeba.

Kilichonichoma kabisa ni mtoto. Msichana wetu alikulia mikononi mwa babu yake, wikendi zote Isinya, kwa sababu mimi nilikuwa huko nje nikidunda. Alipofika darasa la pili akaandika insha, na bibi yangu akaniwekea nikirudi. Iliandikwa hivi: Baba yangu ni soja. Anafanya kazi mbali sana. Ako na koti kubwa na tochi. Siku moja atakuja kutulinda na sisi.

Nilisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Mzee nilikuwa nimemvumilia, yeye si damu yangu. Huyu alikuwa wangu. Mimi sikumuona baba yangu akiniona nikicheza, na sasa mtoto wangu naye hajui baba yake ni nani. Goti langu la kushoto lilikuwa limeanza kuvimba kila jioni, nilijua sina misimu mingi. Nikaapa kwamba kabla halijaisha, hawa wawili wataniona uwanjani, hata kama ni mara moja.

Timu iliyobaki ya kunikubali ilikuwa ya vijana wa Kitengela, hakuna mshahara, na wao wenyewe walikuwa wananiita mzee. Tulipopata mechi Kajiado, kwenye ile shule yangu ya zamani, nilienda Isinya nikamwomba baba mkwe aje. Nilimwambia tu nataka aone mahali ninapofanya kazi. Akavaa kofia nzuri, akamshika mjukuu mkono, wakaja. Uwanja sasa ulikuwa na sakafu ya simiti. Nikawatafutia kiti cha plastiki karibu na mstari, mtoto akasimama kando yake.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Kwa timu ile mimi nilikuwa mtu wa benchi, na mtu wa benchi ndiye anayeachiwa vitu. Simu za mkono zilikuwa zimeanza kuenea, na uwanja wa wazi hauna mahali pa kufungia. Mmoja mmoja vijana wakaja: "Mzee, nishikie." Mechi ilipoanza nilikuwa nimekaa na taulo magotini, ndani yake simu saba. Nikainua macho. Ng'ambo ya uwanja baba mkwe alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanitikisia kichwa kwa kuridhika.

Nilitamani simiti ipasuke niingie. Kochi hakuniangalia robo ya kwanza wala ya pili wala ya tatu. Zikiwa zimebaki dakika tatu, tuko nyuma pointi tano, gadi wetu kijana akapata faulo ya tano, akatolewa, akaenda nyuma ya madarasa kulia kwa hasira. Wengine wawili walikuwa wametolewa hivyo hivyo mapema, wakaenda zao kununua soda. Kochi akageuka.

"Mzee, ingia."

Nikasimama na taulo langu. Kochi mikono yake yote miwili ilikuwa hewani akimkaripia refa, na benchi lilikuwa tupu. Nikazunguka mbio mpaka kwa baba mkwe, nikamwekea mzigo magotini.

"Mzee, nishikie hizi. Dakika tatu tu."

"Nenda," akasema, na akaufunika kwa mikono.

Nisikilizeni, sitacheza tena vile. Niliudunda chini, chini ya goti, kama siku za murram, na vijana wawili wakainama kuutafuta wakaupita. Nikagawa mara mbili, wakafunga mara mbili. Tukabaki pointi moja nyuma. Mpira wa mwisho warefu wote walikuwa wamebanwa, nikaurusha mwenyewe, na kwa sababu naujua upepo wa pale, niliulenga nje ya ringi, upande wa bweni. Upepo ukauleta. Ukaingia bila kugusa chuma, na filimbi ikalia.

Nikageuka kabla vijana hawajanifikia. Baba mkwe alikuwa ameinamia taulo, kofia imefunika uso, mikono miwili juu ya mzigo. Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ameupa mgongo uwanja mzima, anaangalia barabara.

Nilienda kwao nikichechemea.

"Mzee, umeona?"

"Nione nini? Si umenipa kazi." Akafungua taulo. "Hesabu. Sijainua macho hata mara moja. Na huyu nikamweka alinde upande wa barabara."

"Hakuna mwizi alikuja, baba," mtoto akasema, na alikuwa na furaha sana.

Mzee akasimama, akaniwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kijana, miaka hii yote nilikuwa nakudharau kidogo," akasema. "Sasa nimejionea mwenyewe. Hii kazi yako si mchezo."

Nikachukua taulo, nikahesabu simu moja moja mbele yake. Zilikuwa saba.